Nani Ashike Nyundo

Mwaka 1973, pale Morogoro chini ya milima ya Uluguru, Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha misitu kwa ngazi ya shahada. Kabla ya hapo Mtanzania aliyeitaka shahada hiyo alivuka mpaka kwenda Makerere, ambako somo hilo lilianza mwaka 1970, au alipanda ndege kwenda Ulaya. Wakati huo nchi ilikwisha kuwa na misitu ya hifadhi kwa zaidi ya miaka 70, yenye mipaka, ramani, sheria na faini zake. Kilichokosekana muda wote huo ni mahali petu sisi wenyewe pa kumfundisha mtu kuamua mti upi ukatwe, upi uachwe, na kwa sababu gani. Uzito wa uamuzi huo naujua, maana baba yangu aliutumikia maisha yake yote ya kazi bila kuruhusiwa hata siku moja kuufanya.

Baba alikuwa mlinzi wa msitu upande wa Shume na Magamba, Usambara Magharibi. Idara ya Misitu ilimwajiri enzi za Waingereza, akaendelea nayo baada ya Uhuru mpaka alipostaafu. Alikuwa na panga, koti zito la kukabili baridi ya kule juu, na masikio. Akiukuta mwangati mkubwa aliugonga kwa mgongo wa panga, kwanza karibu na ardhi, kisha usawa wa kifua, halafu akazunguka upande wa pili akagonga tena. Mwangati mzima hutoa sauti kavu na fupi. Ulioliwa moyo na kuvu huitika kama mtungi mtupu. Kwa namna hiyo aliweza kukuambia, kabla shoka halijaugusa, kama gogo litatoa mbao au litaishia kuwa kuni. Afisa alipokuja kukagua, baba ndiye aliyemwongoza mti hadi mti na kumweleza alichosikia. Afisa aliandika kwenye daftari, akaamua, kisha akachukua nyundo.

Nyundo hiyo wasomaji wengi hawajaiona. Ni ya chuma, na uso wake umechongwa herufi au alama. Unachuna gamba la mti kidogo, unapiga kwa nguvu kwenye mti mtupu, alama inabaki. Gogo lenye alama ni halali kusafirishwa. Lisilo nayo ni la wizi, hata kama aliyelikata amezaliwa pembeni yake na babu yake alining'iniza mizinga kwenye matawi yake. Ninapoitazama historia ya taaluma yangu huiona ikipita humo, katika swali la nani alipewa nyundo, lini, na baada ya kufundishwa nini.

Msitu alioulinda baba ulikuwa umeshaonja mashoka makubwa kabla yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya waya kutoka Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow, ili kuteremsha mbao mpaka Mkumbara kwenye reli ya Usambara. Mbao za mwangati zilipita zikining'inia juu ya mabonde, zikapakiwa treni ya Tanga, zikavushwa bahari, na sehemu yake ikatengenezewa penseli. Mlima ulioteremsha penseli kwa watoto wa Ulaya ulikaa miaka mingi sana bila kumtoa mtoto wake hata mmoja aliyesomea misitu ile kwa ngazi ya kuisimamia. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na sioni sababu ya kulificha.

Serikali ya Wajerumani yenyewe ilianza na mikoko. Mwaka 1898 misitu ya mikoko ya delta ya Rufiji iliwekwa chini ya serikali, kwa kuwa boriti zake zilikuwa na soko la miaka mingi, zikipakiwa majahazini mpaka Uarabuni, na magome yake yalitafutwa kwa kazi ya kutengenezea ngozi. Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya utafiti huko Amani, Usambara Mashariki, ambako mamia ya miti ya kigeni yalipandwa kwa majaribio. Mwaka 1904 ikatoka sheria ya misitu iliyoipa serikali uwezo wa kutenga msitu wowote ulioonekana hauna mwenyewe. Hapo ndipo penye jeraha. Msitu usio na mwenyewe machoni pa afisa ulikuwa na makaburi ya ukoo, mizinga, mizizi ya dawa, na mashamba yaliyopumzishwa ili yarudishe rutuba. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi. Kazi ya lazima kwenye pamba ndiyo inayotajwa kila mara, lakini wako wanahistoria wanaoweka kubanwa kwa misitu miongoni mwa mambo yaliyowachosha watu wa kusini. Nakubaliana nao. Nimefanya kazi kusini, na nimewasikia wazee wakitaja mipaka ya hifadhi kwa hasira ambayo haikuanza na mimi wala na afisa aliyenitangulia.

Katika mpango huo Mwafrika alihitajika awe mlinzi, mpagazi na mkata miti. Elimu yenyewe ilibaki kwa waliokuja nayo, na ilikuwa elimu iliyosafiri sana. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi ya fedha huko Freiberg, Saxony, alichapisha kitabu kikubwa akionya kwamba migodi itasimama kwa kukosa kuni watu wakikata kuliko msitu unavyoota. Mwaka 1811 Heinrich Cotta alihamishia shule yake Tharandt, karibu na Dresden, na hapo msitu ukawa kitu cha kupimwa, kugawanywa vipande na kupangiwa zamu za kuvunwa. Mjerumani mwingine, Dietrich Brandis, aliajiriwa na Waingereza mwaka 1856 kusimamia mitiki ya Burma. Wenyeji wa milima ile walikuwa wakifyeka, wakilima, kisha wakihamia kipande kingine. Brandis aliwaacha walime, kwa sharti kwamba wapande mitiki katikati ya mazao yao. Mfumo huo, taungya, uliingia Kenya mwaka 1910, ukafika kwetu, na hata leo ukipita mashamba ya miti ya Meru utawakuta wakulima wakipalilia viazi na maharage kati ya miche michanga ya misindano. Wengi wao hawajui kwamba kazi ya jembe lao ilianzia Burma.

India ilipata chuo chake cha misitu, Dehra Dun, mwaka 1878. Oxford ilichukua mafunzo ya maofisa wa misitu wa himaya mwaka 1905. Waliotoka huko na vyuo vingine vya Uingereza ndio waliokuja kuongoza Idara ya Misitu ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1921 na kuwekwa makao yake Lushoto, kilometa chache kutoka nilikozaliwa. Tangu Dehra Dun mpaka Morogoro ni miaka 95. Sikubali maelezo kwamba muda huo ulihitajika ili watu wetu wawe tayari. Baba alikuwa tayari.

Chuo kilichotangulia kwetu ni cha Olmotonyi, juu ya Ngaramtoni, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Kilianza enzi za Waingereza, na wako wanaokidharau kwa sababu ni cha cheti na stashahada. Wanakosea. Karibu kila bwana misitu aliyewahi kufika kijijini kwenu na pikipiki amepita Olmotonyi. Huko alifundishwa kuchagua mbegu, kutayarisha kitalu, kujaza viriba, kupogolea matawi kabla fundo halijazama ndani ya mbao, kufungua njia za kuzuia moto, kupima gogo na kulipangia ushuru. Mikono ya Olmotonyi ndiyo iliyopanda sehemu kubwa ya misindano unayoiona ukipita Mufindi. Ila ngazi yake iliishia hapo. Mhitimu alitekeleza mpango ulioandikwa na mwingine, na mwingine huyo alitoka mbali.

Ndiyo maana Morogoro ilikuwa na maana kubwa. Wanorwe walisaidia kuanzisha masomo hayo, na baadhi ya walimu wa mwanzo walikuwa wageni, huku Watanzania vijana wakipelekwa nje kusomea shahada za juu ili warudi washike nafasi. Walirudi. Nilipofika mimi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wengi walionifundisha walikuwa Watanzania, na mmoja wao alitusomesha sheria ya misitu kwa namna ambayo sijaisahau: alisoma kifungu, akatuuliza kimemnyima nani nini, ndipo akaendelea na kingine.

Darasa letu lilikuwa dogo na la watu wa rika mbalimbali. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeweka sharti kwamba mtu akimaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya kazini na ya chama. Wanawake walilegezewa sharti hilo miaka michache baadaye, kwa hiyo sisi wasichana wachache tulitoka jeshini moja kwa moja, na wanaume tuliokaa nao dawati moja walikuwa wamekwisha kuwa makarani, walimu, wasimamizi wa viwanda vya mbao. Wengine walikuwa na stashahada ya Olmotonyi na miaka ya kazi mashambani, wana wake na watoto, na walitutambua sisi kama wadogo zao. Kaka hao walikuwa hazina. Mwalimu akichora ubaoni namna ya kuangusha mti kwenye mteremko, mmoja wao alinyanyuka kwa adabu akasema, "Samahani mwalimu, kule Sao Hill tuliona hivi," na mwalimu mwenye busara alimpa chaki.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Amin, mafuta ya gari hayapatikani, sukari na sabuni kwa foleni. Karatasi tuliandika pande zote mbili. Safari ya mafunzo ingeweza kuahirishwa kwa kukosa dizeli, na lori likipatikana tulijipakia na mahema, sufuria, unga na vipimo vyetu, tukaelekea msitu wa mafunzo ambao chuo kilipewa huko Olmotonyi.

Huko ndiko nilikojifunza kazi. Asubuhi ukungu wa Meru huwa mzito kiasi kwamba mti wa safu ya tatu huuoni. Tulipangwa wanne wanne: mmoja na dira, mmoja na kalipa, mmoja na Suunto ya kupimia kimo, mmoja karani. Mwenye kalipa anasimama upande wa juu wa mteremko, anaishika mita 1.3 kutoka ardhini, anabana shina, anataja kwa sauti: "Patula, ishirini na saba!" Karani haandiki mpaka airudie namba kwa sauti, na mwenye kalipa hachori alama ya chaki mpaka aisikie ikirudiwa. Alama zote zinachorwa upande mmoja wa mashina, ili mkifika mwisho wa kiwanja na kugeuka muone mara moja kama kuna mti mlioruka. Sauti zinapishana kwenye ukungu, kila kundi na namba zake, na usipozoea utaandika namba ya jirani. Jioni, kwa taa ya chemli, mnajumlisha. Mkikosea mti mmoja, hesabu ya hekta nzima inapinda, kwa sababu kiwanja ni kidogo na kila mti ndani yake unasimama badala ya mingi iliyo nje.

Chombo kilichonishangaza kuliko vyote ni relaskopu, kilichobuniwa na Mwaustria Walter Bitterlich, aliyeeleza kanuni yake mwaka 1948. Unasimama mahali pamoja, unachungulia, unajizungusha duara zima, unahesabu mashina yanayoonekana mapana kuliko mstari uliomo ndani ya chombo. Unazidisha idadi hiyo kwa kizidisho chake, na unajua mashina ya hekta moja yangefunika mita ngapi za mraba kama yangekatwa yote usawa wa kifua. Hugusi hata mti mmoja. Likizo nilimweleza baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ule uliooza ndani, mwanangu, nao kinauhesabu?"

"Kinauhesabu, baba."

Akanyamaza, akaniangalia aone nitasema nini zaidi. Muhula ulipofunguliwa nililipeleka swali lile kwa mwalimu wetu wa upimaji, na alitumia kipindi kizima kutufundisha namna ya kukadiria uozo na kuuondoa kwenye ujazo kabla ya kupanga mavuno. Alitaka kujua nimelitoa wapi. Nilipomwambia, akasema wazee wa aina hiyo ndio waliopaswa kuwa wakaguzi tangu zamani.

Kitalu nacho kilikuwa na historia yake. Misindano si ya kwetu. Pinus patula ni mti wa milima ya Meksiko. Walioileta Afrika walihangaika mwanzoni, kwa maana mbegu iliota vizuri, kisha miche ikadumaa na kugeuka njano ijapokuwa ilimwagiliwa na kupewa kivuli. Sababu ilikuwa chini ya ardhi. Msindano hula kwa msaada wa kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake, na kuvu hao hawakuwamo katika udongo wetu. Dawa ikawa kuchota udongo chini ya misindano mikubwa iliyokwisha kuota mahali fulani na kuuchanganya kwenye viriba vya kitalu kipya, na kitalu hicho kikawa mama wa kingine. Nilipewa mche niung'oe kwa uangalifu na kuosha mizizi: kwenye ncha za vijizizi kulikuwa na utando mweupe, na ncha zenyewe zimejigawa matawi mawili mawili. Kila shamba la misindano la nchi hii lina ndugu wa udongo katika shamba lililotangulia. Sao Hill, ambako majaribio yalianza mwaka 1939 na upandaji mkubwa ukaja miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nayo imesimama juu ya udongo wa namna hiyo.

Tulipelekwa pia Mazumbai, msitu wa asili wa Usambara Magharibi ambao familia ya mlowezi aliyeutunza iliukabidhi kwa chuo kikuu. Kwa kuwa ulikuwa msitu wa kwetu, niliitambua miti kwa Kisambaa kabla ya kuyakariri majina yake ya Kilatini. Sitasema mengi juu yake. Ni msitu ambao mtu anapaswa kwenda kuuona.

Kitulangalo ni jambo jingine. Uko kwenye barabara ya Dar es Salaam, mashariki ya Morogoro, na ni miombo: miyombo na mitundu isiyokuwa na umbo la kuvutia, nyasi ndefu, moto kila kiangazi. Na mkaa. Katika vitabu vyetu wachoma mkaa walitajwa kwenye sura ya uharibifu tu. Pale tuliwakuta wenyewe. Mmoja, mzee mwembamba, alikubali tukae naye karibu na tanuri lake. Magogo yamepangwa, yamefunikwa majani, juu yake udongo, na matundu ya kupumulia pembeni. Hakuwa na saa. Aliangalia moshi. Ukiwa mweupe na mzito, mti bado unatoa maji. Ukianza kuwa mwembamba wa rangi ya samawati, anaziba tundu hilo na kufungua la mbele. Alituonyesha visiki alivyokata miaka iliyopita, kila kimoja kimechipua machipukizi mengi, na akatueleza ni miti ipi hurudi haraka na ipi ukiikata umeiaga. Tulipopima viwanja vyetu tulikuta yale aliyotwambia. Kwa muda mrefu baada ya siku ile nilijiuliza kwa nini elimu yake haikuwa na mahali katika mtaala, na kwa nini sheria ilimjua kwa faini tu.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari akitokea Dodoma, katika mkoa huohuo wa Morogoro. Chuo kizima kilikaa kimya siku zile. Mwezi Julai tulitengwa na Dar es Salaam, tukawa chuo kikuu kamili chenye jina lake. Niliingia katika chuo kimoja na kutoka katika kingine, bila kuhama bweni.

Kazini nilikabidhiwa nyundo. Niliitia saini kwenye daftari la ofisi, na nilipokwenda nyumbani nilimweleza baba. Hakusema neno la kunisifu; si desturi yake. Aliuliza nyundo yangu ina herufi gani, na aliponisikia alizirudia taratibu, kama karani anayerudia namba ya kalipa. Nilielewa.

Wahitimu wa Morogoro walijaa wilayani na mikoani, wakaandika mipango iliyokuwa ikiandikwa na wageni. Si kila walichokipanga wao na waliowatangulia kilifaulu. Mashamba ya saiprasi yalishambuliwa na kidukari aliyeonekana Malawi mwaka 1986 akasambaa kaskazini, akaikausha miti iliyopandwa ekari kwa ekari bila kuchanganywa na aina nyingine. Usambara Mashariki uvunaji kwa mashine katika msitu wa asili ulisimamishwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha, na katika nafasi zilizoachwa wazi ukaota musizi, mti uliopandwa Amani kwa nia njema, ukaziba mahali pa miti isiyopatikana kwingineko duniani. Kupima vizuri hakukutosha kuamua vizuri.

Badiliko kubwa lilitoka kwa watu ambao hawakuwa na shahada. Duru-Haitemba, wilayani Babati, serikali ilikuwa mbioni kuutangaza msitu wa miombo kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walikataa. Baada ya mabishano marefu, katikati ya miaka ya 1990, vijiji vinane vilivyouzunguka vilikubaliwa kuusimamia wenyewe, kwa sheria ndogo zao na walinzi wao. Kiteto, wananchi wa msitu wa SULEDO walifanya vivyo hivyo kwenye eneo kubwa mara nyingi zaidi, na mwaka 2002 wakapewa Tuzo ya Ikweta. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Misitu namba 14, inayokiruhusu kijiji kutangaza hifadhi ya msitu katika ardhi yake na kuusimamia kwa faida yake. Ni miaka 98 tangu ile sheria ya Wajerumani iliyosema msitu hauna mwenyewe.

Wilaya ya kusini nilikokuwa nikifanya kazi ilianza kuandaa hifadhi za vijiji muda si mrefu baadaye. Mkutano wa kwanza niliouendesha, nilieleza sheria, nikaeleza faida, nikaeleza kamati inavyochaguliwa. Mama mmoja mzee alinyoosha mkono. Alinisalimu kwanza, ingawa kwa umri mimi ndiye niliyestahili kumpa shikamoo, nikaitoa haraka. Kisha akauliza: "Bibi misitu, umesema mkutano ndio utakaoamua. Sasa mkutano ukikataa uliyoyaandika wewe, utakubali?"

Nilimjibu kwamba sheria inasema hivyo. Akasema, "Sheria nimeisikia. Nakuuliza wewe."

Nikasema nitakubali, na mkutano ukaendelea.

Kilwa walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia katika cheti cha FSC kwa ajili ya mpingo wao, cheti cha kwanza cha aina hiyo kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii barani Afrika. Mpingo unaotengenezewa zumari na ala nyingine za kupuliza za Ulaya sasa ungeweza kuuzwa na waliouona ukikua, na kijiji chenye hifadhi iliyotangazwa kisheria kinasajili nyundo yake. Nimeishika mojawapo. Ni ya chuma kilekile, nzito vilevile.

Upimaji wa misitu ya taifa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji. Maana yake kijana anayeingia Morogoro leo kusomea misitu ana uwezekano mkubwa wa kufanya kazi katika msitu wa watu wengine. Kijiji hakiwezi kuvuna bila mpango, mpango hauandikwi bila vipimo, na vipimo vinamhitaji mtu aliyefundishwa kwenye ukungu wa Olmotonyi kwamba namba hairekodiwi mpaka irudiwe. Kazi hiyo naipenda na natamani wengi waipende. Inataka usahihi wote tuliofundishwa, na baada ya hapo inataka ukae kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe usikilize.

Katika kijiji cha yule mama tulipima msitu pamoja na kamati, vijana wawili wa darasa la saba wakishika kalipa na binti mmoja akiwa karani. Nilipiga hesabu na kupendekeza idadi ya mininga inayoweza kukatwa kwa mwaka bila kuuchosha msitu. Mkutano mkuu ulijadili tangu asubuhi mpaka jua lilipokaribia utosini. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, bei ya mnunuzi ilikuwa ndogo, na wazee walisema upande wa mto mininga mingi wameikuta na uwazi ndani. Wakapiga kura wakaamua kuvuna nusu ya nilichopendekeza. Niliifuta idadi yangu, nikaandika yao, na mwenyekiti akaweka muhuri wa kijiji.